Moto Usio na Mafiga

Joakimu aliyatoa stoo majiko mawili ya gesi, akayabwaga kwenye vumbi mbele ya Genoveva, akajifuta mikono kwenye suruali. Hakumwamkia. Kijana mdogo kuliko mwana wa kwanza wa Genoveva, na aliyekunywa pombe ya mama huyo kila Jumamosi tangu aletwe kwenye shamba la ngano kutunza stoo, leo shikamoo ilikuwa imemkwama kooni. Genoveva aliingoja kidogo. Ilipokataa kuja, akainama kuyatazama majiko.

"Chagua," Joakimu alisema. "Yote yalikuwa ya yule mzungu aliyemaliza mkataba. Ameniachia niuze."

La kwanza lilikuwa bapa, la bati gumu, lenye matundu madogo mengi yaliyozunguka kama shanga. La pili lilikuwa chuma kitupu: miguu mitatu iliyofika gotini, na katikati mdomo mmoja mpana uliotazama juu.

"Mimi nakwambia ukweli, mama Hilaria. Hili bapa ndilo jiko. Moto wake umetandaa, unaupunguza unavyotaka. Hilo refu ni shetani. Mzungu alikuwa anapikia bia yake nyuma ya nyumba, linanguruma mpaka mbwa wanakimbia."

"Alikuwa anapika bia?"

"Ya shayiri. Lakini ile ni maji matupu, inachemka tu kama chai. Yako ni uji mzito. Uji na moto wa namna hii havipatani."

Genoveva aliligeuza lile bapa, akapapasa chini yake. Halikuwa na miguu.

"Na hili linakaa juu ya nini?"

"Mezani. Ila pipa lako mezani halikai. Utaliweka katikati ya mafiga, pipa likae juu ya mafiga. Rahisi tu."

Alilirudisha chini polepole, kama mtu anayerudisha kanga nzuri dukani baada ya kuambiwa bei.

"Nipe la miguu."

"Mama, si nimekwambia..."

"Nimesikia. Nipe la miguu."

Joakimu alimtazama, akatabasamu. Hakuwa mtu wa Hanang, alitoka mbali, na mila za pale hazikumhusu hata kidogo. Lakini alikuwa amekaa vya kutosha kujua zinavyoweza kumwongezea kipato. Walikuwa wamekubaliana kondoo mmoja. Sasa alimzunguka yule kondoo aliyefungwa kwenye nguzo, akamshika mkia, akatikisa kichwa.

"Mnyama wa nyumba yenu, mama. Nitamuuza kwa nani? Watu wataniuliza katoka wapi. Ongeza debe la maharage."

Genoveva aliongeza debe la maharage. Akafungiwa pia mtungi wa gesi uliokwisha kutumika, mpira wake, na kiberiti chenye njiti chache, kitu cha thamani mwaka ule ambapo maduka ya Katesh yalikuwa yanauza rafu tupu na hadithi. Akajitwisha jiko kichwani, miguu mitatu ikitazama mbinguni. Tluway, mumewe, aliyekuwa mlinzi wa usiku hapo hapo shambani, akaubeba mtungi begani. Wakashika njia ya Nangwa kupitia pembeni mwa ngano, si barabarani, kwa sababu barabarani hawakuruhusiwa kupita.

*

Tangu mvua zilipoanza, nyumba yao ilikuwa kwenye metimani, kutengwa na majirani wote kwa ajili ya uchafu wa kimila. Binti yao Hilaria alikuwa amejifungua mtoto aliyekwisha kufa, mtoto wa fundi wa mashine za kuvunia, na yule fundi alikuwa amehamia shamba jingine kabla tumbo halijaonekana. Kuzaa bila mume ni jambo moja, kuzika kichanga ni la pili. Yote mawili chini ya paa moja, wazee walisema, ni uchafu usiooshwa kwa maji. Basi hakuna aliyekanyaga ua wao. Ng'ombe wao walinyweshwa wa mwisho, wa wengine wakishaondoka na kuacha tope. Hakuna aliyewaomba moto wala kuwapa, na kwa watu wale, ambao asubuhi hubebeana kaa la moto kwenye kigae kutoka nyumba hadi nyumba, kumnyima jirani moto ni kumwambia kwamba kwako amekufa. Pombe ya Genoveva, iliyosifiwa mpaka Katesh, ilimwagiwa nguruwe mara mbili. Na yule fundi? Yule, kwa taarifa yako, hakuna aliyemwekea metimani. Alikuwa anakula mshahara wake na kupita barabara anayoitaka.

Tluway alikuwa na dawa yake. "Tumpeleke Dongobesh kwa shangazi yake," alisema siku moja wakichambua maharage. "Akiondoka, watu watasahau."

"Mwanangu si gunia la kuhamisha," Genoveva alijibu, na neno hilo likawa limekwisha.

Siku chache kabla ya kwenda stoo, yeye ndiye aliyekwenda kwa mzee Akonaay. Alisimama ng'ambo ya kijito, kwa kuwa kuvuka hakuruhusiwa, akapaza sauti kama mchunga mbuzi. "Shikamoo, mzee!"

"Marahaba. Simama hapo hapo."

Akonaay alikuwa mtu wa kanisa na mtu wa mila kwa pamoja, na hakuona taabu. Jumapili alipokea komunyo akiwa mstari wa mbele, Jumatatu alihesabu nani ana metimani na nani amesafika. Lakini juu ya yote alikuwa mnywaji, na tangu pombe ya Genoveva ikatike alikuwa anakunywa ya watu wengine, chachu tupu iliyomsumbua tumbo. Kiu hiyo ndiyo iliyomlainisha, ingawa yeye alifikiri ni busara.

"Wazee wakinywa pombe yako, nyumba imerudi kwa watu," alisema. "Hilo najua. Lakini tutakunywaje kitu kilichopikwa kwa moto wenu?"

"Nikipata moto mwingine, mzee?"

"Moto unatoka kwa jirani. Jirani gani atakupa?"

"Wa gesi. Unatoka kwenye chuma. Hautoki jikoni kwa mtu."

Mzee alilamba midomo. "Moto usio na mama," alisema mwishowe. "Huo metimani itaukamatia wapi? Sawa. Ila usiuweke kwenye mafiga yenu, maana mafiga yamekula moto wenu miaka yote. Upikie nje ya ua. Na mkono wa yule binti usiguse. Sitaki kusikia hata amepita karibu."

Genoveva alisema ndiyo, ndiyo, na ndiyo. Mfa maji hukamata maji. Alirudi nyumbani mbio mbio kama msichana, akamkuta Hilaria jikoni anachochea moto, kwa kuwa kazi ya moto ilikuwa yake tangu utoto: kuufukia kwenye majivu usiku na kuufufua asubuhi.

"Watakunywa, mama?"

"Watakunywa."

"Na mimi?"

"Wakinywa wamekurudisha na wewe. Utakwenda kisimani asubuhi na wenzako kama zamani. Ni kwa ajili yako hii yote, mwanangu. Mimi pombe ya nini?"

 Jioni ile Hilaria alizisuka nywele zake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi.

*

Walilisimamisha jiko nje ya ua, kwenye uwanja mkavu wa kupuria. Genoveva alimimina pipani unga wa mahindi uliolowekwa, akaongeza maji, akamwambia Hilaria akae upenuni asisogee. Kisha akafungua koki, akawasha njiti, na moto ukaruka na kishindo kilichowatawanya kuku.

Joakimu, mwizi yule, alikuwa amesema kweli. Moto haukutandaa. Ulisimama katikati ya kitako cha pipa kama mkuki, ukichoma mahali pamoja tu. Pembeni uji ulikuwa wa baridi, katikati ulikuwa umeanza kulia. Genoveva akapunguza koki. Moto ukakohoa, ukazimika. Akawasha tena, akapunguza kidogo tu, ukazimika tena. Mdomo mpana kama ule haukujua kunong'ona: ama upige kelele ama ufe. Njiti zikabaki za kuhesabika kwa mkono mmoja.

Akauacha ungurume, akakoroga. Uji wa pombe ukiwa mwepesi mtu mmoja anauweza, lakini ulipoanza kukaza, mti wa kukorogea ulikuwa unamvuta yeye badala ya yeye kuuvuta. Kwenye mafiga, kwa moto wa kuni, angevuta kuni mbili nje, apumzike, ateme mate, aendelee. Hapa hapakuwa na kuni ya kuvuta. Alimwita Tluway, akakumbuka kwamba amelala, ametoka lindoni, na hata angeamka, mwanamume wa Nangwa hakorogi pombe. Mkono wa kulia ulianza kukataa kazi. Harufu ikamfikia puani: uji umeanza kushika chini. Pombe iliyoungua mzee Akonaay angeitambua akiwa ng'ambo ya kijito.

"Mama, inaungua!"

"Kaa hapo hapo!"

"Mama, inaungua!"

Hilaria hakukaa. Alikuja mbio, akaushika ule mti juu ya mikono ya mama yake, akausukuma chini mpaka kitakoni. Genoveva alifungua mdomo amfukuze, na hapo hapo akausikia uji ukiachia pipa, ukigeuka, ukipumua. Akaufunga mdomo.

Walikoroga pamoja. Kisha wakapokezana, mmoja akikoroga, mwingine akikwangua pembeni, jasho likiwatiririka wote wawili. Hilaria alikuwa na mkono mzuri, mkono wa mama yake, na alipokuwa anageuza uji alikuwa anaguna kwa kila mzunguko kama alivyofundishwa. Jiko lilipokohoa na kumrusha Genoveva nyuma akakaa chini kwa matako, Hilaria alicheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, na Genoveva akiwa pale pale chini akaanza kucheka pia. Alikuwa amekisahau kicheko kile. Alijisikia kwamba hata kondoo watatu asingewaonea uchungu.

Tluway alitokeza mlangoni akiwa amejifunga shuka. Aliwatazama, akalitazama pipa, akaitazama njia kama kuna mtu. Hakukuwa na mtu. Akarudi ndani, akalala upande wa ukutani.

Uji ulipoiva, gesi nayo ilikuwa imeisha karibu yote. Mtungi sasa uliinulika kwa mkono mmoja. Uji ulipopoa, Genoveva alitia kimea, akafunika pipa, na akamwambia binti yake, bila kumtazama:

"Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani, mama? Nani anaongea na mimi?"

*

Siku ya tatu, pombe ilipoiva, walikuja. Wanaume walikuja na vibuyu vyao, wanawake wakaja nyuma yao na Letisia mbele, Letisia wa nyumba ya pili, aliyelea watoto pamoja na Genoveva na ambaye miezi yote hii alikuwa akigeuza uso kila wakikutana kwa mbali. Walisimama nje ya ua, kwenye uwanja wa kupuria, wakilitazama jiko kama wanatazama mnyama wa kigeni. Hermani, dereva wa trekta, alilipiga teke kidogo na kusema hata trekta lake lingeiva hapo. Watu wakacheka, lakini hakuna aliyenyoosha kibuyu. Walimngoja mzee.

Akonaay alikalia kigoda chake mwenyewe alichokuja nacho.

"Moto ulitoka wapi?"

"Kwenye chuma, mzee. Kwa njiti ya kiberiti cha stoo ya shamba."

"Mafiga?"

"Halina mafiga. Lina miguu yake."

"Mkono?"

Genoveva alikuwa ameshika kata mkononi, imejaa, inanukia. Nyuma yake, upande wa pili wa ukuta wa udongo, alijua Hilaria amekaa kitako na sikio ukutani, kwa kuwa mwenyewe alimwambia akae pale, asionekane mpaka aitwe. Kibuyu cha kwanza kikinywewa, angemwita. Ndivyo alivyopanga. Alikuwa ameota hata namna atakavyoliita lile jina, kwa nguvu, mbele ya Letisia.

"Mkono ni wangu," alisema.

"Peke yako? Pipa lote hili, kwa jiko hili?"

"Peke yangu."

Mzee alimtazama mikono.  Labda alijua. Mtu aliyekunywa pombe miaka sitini anajua pombe imekorogwa na mikono mingapi. Lakini alikuwa na kiu, na watu walikuwa wanamtazama, na mzee mwenye kiu anayetazamwa hutaka maneno yatakayomlinda kesho.

"Basi sema tusikie wote," alisema. "Sema: binti huyu si wa moto huu."

Kwa watu wale moto ndio nyumba, na asiye wa moto hana kwao. Upepo ulipita kwenye mabua ya ngano. Genoveva alimwangalia Tluway, na Tluway akaangalia viatu vyake. Alimwangalia Letisia. Letisia alikuwa amekishika kibuyu chake kwa mikono miwili kifuani, na macho yake yalikuwa yanamwomba: sema, dada, ni maneno tu, sema tunywe, tumechoka na sisi kukukimbia.

"Mzee," Genoveva alisema, "si ni maneno tu?"

"Kama ni maneno tu, kwa nini hayatoki?"

"Binti huyu," Genoveva alisema, na sauti yake haikuwa kubwa, lakini ukuta wa udongo si mnene, "si wa moto huu."

Akonaay alipokea kata. Alimimina tone chini, akanywa mpaka akaona kitako, akafumba macho. "Haina moshi," alisema kwa mshangao. "Haina moshi hata kidogo." Vibuyu vikanyooshwa vyote kwa pamoja. Watu walimzunguka Genoveva, wakamgusa bega, wakamwita kwa jina lake, wakamwuliza habari za ng'ombe, habari za mahindi, kama watu waliotoka safari. Letisia alimkumbatia, akalia. "Kesho nitakuja kuomba moto kwako," alimnong'oneza. "Wa kwanza niwe mimi. Waone." Genoveva naye alilia, na watu walifikiri ni furaha, na kweli furaha ilikuwepo. Hiyo ndiyo iliyomtisha baadaye. Alikuwa na furaha kiasi kwamba jua lilikuwa limeshashuka na vibuyu vimekauka alipokumbuka kwamba hakuwa amemwita Hilaria.

Alimkuta amelala amejifunika gubigubi. Akamwita polepole.

"Yalikuwa maneno tu, mwanangu. Wamekunywa. Kesho utakwenda kisimani."

"Nimesikia, mama," Hilaria alisema kutoka ndani ya shuka.

*

Asubuhi Letisia alikuja kama alivyoahidi. Alikuja barabarani, katikati kabisa, akiwa na kigae mkononi, akiwasalimu kwa sauti waliokuwa mashambani ili waone anakokwenda. Akaingia ua, wa kwanza tangu mvua.

"Hodi! Wenye nyumba, tunaomba moto!"

"Karibu! Karibu ndani, Letisia, karibu!"

Genoveva alikipokea kigae kwa mikono miwili. Aliingia jikoni, akapiga magoti mbele ya mafiga, akafukua majivu mahali ambapo kaa hufukiwa kila usiku. Yalikuwa mazito. Akafukua zaidi. Vidole vikaingia kwenye tope. Mtu alikuwa amemimina maji, si kidogo, ndoo nzima, taratibu, mpaka yakafika chini kabisa ya majivu. Ndoo ilikuwa imewekwa vizuri pembeni, imefudikizwa. Kwenye pembe ya Hilaria shuka lilikuwa limekunjwa, na kamba iliyokuwa ikitundikiwa magauni yake mawili ilikuwa tupu.

Alitoka na kigae kile kile.

"Moto hakuna, Letisia."

Letisia alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaacha kucheka. "Hakuna vipi? Nyumba ya Genoveva?"

"Umezimika."

"Umezimika leo? Siku zote hizo haukuzimika, ukaja kuzimika leo nimekuja mimi?" Akageuka, akaliona jiko la miguu mitatu limesimama nje ya ua. "Na ule?"

Genoveva alikwenda mpaka kwenye jiko, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Akafungua koki. Jiko likatoa pumzi moja fupi, likanyamaza. Akafungua mpaka mwisho. Kimya.

"Majuzi ulikuwepo wa pipa zima," Letisia alisema. "Leo wa kigae umekosekana."  "Kumbe ulikuwa unatungoja ulipize, Genoveva. Sawa. Tumekuelewa."

"Letisia, nisikilize. Hilaria..."

"Usimtaje huyo. Jana si ulisema mwenyewe?"

Alikichukua kigae chake, akatoka barabarani, katikati kabisa, akikiinamisha ili waliokuwa mashambani wakione kilivyo kitupu.

Genoveva alirudi ndani, akapiga magoti tena pale pale. Alikuwa bado yupo hapo Tluway aliporudi kutoka lindoni, akipitia upande wa ngano kwa mazoea. Alikuwa anapiga mluzi. Tangu mvua hakuwahi kupiga mluzi.

"Hermani kaniambia amemwona Letisia anakuja huku na kigae," alisema akining'iniza koti lake. "Ni kweli?"

"Ni kweli. Alikuja kuomba moto."

"Ahimidiwe Mungu!" Tluway alikaa kwenye kigoda, akavua viatu, akacheka peke yake. "Yamekwisha, mama Hilaria. Yamekwisha. Mwite binti naye asikie."